Barua ya wazi kwa Bodi ya chama chetu: nadaiwa, naumwa, na ninalipa

Mikindani, Mombasa
Oktoba 2025

Kwa Mzee Mwenyekiti wa Bodi, Waheshimiwa Wakurugenzi, Kamati ya Mikopo na Meneja,
Chama chetu cha akiba na mikopo,
Mombasa.

KUH: MKOPO WANGU, WADHAMINI WANGU NA FAINI YA SH632

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwanachama wenu tangu 2014. Jina la chama silitaji hapa kwa sababu ni nyumba yangu pia, na paa likivuja nanyeshewa pamoja nanyi. Wenyewe mtajitambua. Namba yangu ya uanachama mnayo. Barua zangu tatu mnazo: ya 14 Januari, ya 3 Machi na ya 19 Mei mwaka huu. Zote zilipigwa muhuri pale mapokezi na nakala nikabaki nazo. Jibu la maandishi nililopata ni ujumbe wa simu, uleule kila mwezi, unaoanza kwa "Mpendwa mwanachama" na kuishia kwa kitisho. Kwa hivyo nimeamua tuyazungumze barazani, maana chumbani hayakusikika.

Nianze na lisilo na ubishi. Nadaiwa. Februari 2023 nilichukua mkopo wa Sh480,000, miezi 48, riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Rejesho Sh12,640. Nilisoma fomu, nikatia sahihi, na watu wanne wakanidhamini. Kuna watakaoniambia kwamba riba yenyewe ilikuwa mlango wa kutopitia. Huo ni mjadala wangu na Mola wangu, sitaki kuuleta mbele ya kaunta yenu. Niliingia kwa macho yangu.

Na niliingia nikiwa na sababu ya kutumaini. Nilikuwa karani wa kuhesabu makontena katika yadi moja huku kwetu, kazi ya kudumu tangu 2013. Mnaokaa Mombasa mnakumbuka Agosti 2019, ilipotoka amri kwamba mizigo ya Nairobi na bara yote ipande reli ya SGR. Yadi zetu zilinyamaza, ukisikia lori unatoka nje kutazama. Septemba 2022 Rais Ruto, siku aliyoapishwa, akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Tulipiga vigelegele. Mimi nikasema sasa mkate umerudi mezani, nikaja kwenu kukopa, nikamaliza vyumba viwili vya nyumba ya mama kule kijijini na kumuingiza mwanangu chuo cha ufundi.

Mizigo ilirudi kweli. Kazi yangu haikurudi ilivyokuwa. Tajiri alileta mashine za kusoma namba za makontena langoni, na makarani kumi na wawili tukawa wanne. Agosti 2024 nikapewa barua ya kupunguzwa. Leo naitwa yadi hiyohiyo kama kibarua, siku tatu kwa wiki, Sh900 kwa siku, nikiitwa. Jioni nakaanga kachiri za muhogo na kuuza kibarazani.

Katikati ya hayo kuna kisukari. Ninacho tangu 2016. Miaka minane nilikwenda na vidonge. Oktoba 2024 kidonda cha mguu wa kushoto kiligoma kupona, nikalazwa wiki tatu, nikatoka bila kidole kidogo na nikiwa na sindano za insulini, asubuhi na jioni. Nilichagua mwezi mbaya wa kuugua, kama kuna mzuri: tarehe 1 Oktoba ndipo NHIF, bima ya taifa ya afya ya zamani, ilipokuwa inaipisha SHA, ile mpya; kadi ya zamani haikubaliki na mfumo mpya haufunguki. Kwa kuwa sikuwa tena na mshahara, ilibidi nijaziwe maswali ya ukuta, paa na choo ili nikadiriwe mchango, kisha niulipe wa mwaka mzima kwa mpigo, nikiwa na drip mkononi.

Hayo nimeyaeleza ili mjue anayeandika ni nani. Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Nalipa, na deni halisogei.

Hadi Desemba 2024 sikukosa rejesho hata moja. Kazi iliisha Agosti, lakini marejesho manne ya Septemba hadi Desemba, jumla Sh50,560, niliyatoa kwenye kiinua mgongo. Januari nikawaandikia kwamba Sh12,640 siziwezi tena kwa sababu mwezi mzuri naingiza hizo, au chini yake. Nikasema nitaleta Sh3,600. Si namba ya kubahatisha. Ni Sh120 kwa siku, ninazotumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga kabla sijanunua chochote. Mwanangu analiita kopo hilo "mwenyekiti", mniwie radhi.

Nimeleta kila mwezi. Sasa tuhesabu pamoja, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Januari salio langu lilikuwa Sh288,130. Riba ya mwezi ikawa Sh2,881. Kisha mkanitoza faini ya Sh632, asilimia 5 ya rejesho, kwa kutotimiza. Toa zote kwenye Sh3,600 zangu. Zilizogusa deni ni Sh87.

Shilingi themanini na saba. Kwa bei ya mtaani kwetu hayo ni mahamri manane na shilingi saba mkononi. Siku thelathini za kopo.

Kuanzia Januari hadi Septemba nimelipa Sh36,000. Deni limepungua Sh4,634. Kwa mwendo huu, nikiendelea hivi bila kukosa hata mwezi, nitamaliza baada ya miaka 26. Nina miaka 47. Mnanitaka nilipe hadi 73, na kisukari changu mnakijua.

Faini ina maana yake, sikatai. Ni kiboko cha mtu anayeweza kulipa na hataki. Kumchapa anayetaka na hawezi kunamfanya achelewe zaidi, halafu mnamchapa kwa kuchelewa.

2. Friji.

Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Baada ya barua yangu ya 3 Machi, kijana wenu wa mikopo alinipigia simu. Alikuwa na adabu, nakiri, aliniita mama. Akaniambia, "Mama, dawa ya deni ni kulipa. Nyumbani huna hata kitu cha kuuza?" Akasema nikionyesha nia mwezi ule, faili langu litafika mbele ya Kamati. Nikatazama chumba. Kitanda, jiko la gesi, meza, friji ndogo niliyoinunua kwa bonasi ya 2017. Nikaiuza kwa Sh8,000. Sh4,400 zilifunga mkopo wa mwisho wa simu, na Sh3,600 nikaziongeza kwenye rejesho, nikaleta Sh7,200.

Machi mnaujua ulivyo Mombasa. Kaskazi imekwisha, mvua za masika hazijaja, mabati yanatoa sauti. Chupa yangu ya insulini nikaiweka kabatini, nikaifunika kitambaa. Insulini ikipigwa na joto hupoteza nguvu, na huwezi kulijua hilo kwa kuitazama. Kwa macho yangu ilikuwa ileile. Nikawa najidunga dozi yangu kamili, kwa saa zake, na ni kama najidunga maji. Nikaanza kukojoa kila saa, kiu isiyokatika, macho ukungu. Siku ya tisa nikaanguka kando ya mizani ya malori. Zahanati walinitoboa kidole, mashine haikutoa namba. Iliandika HI. Nilidhani inanisalimia. Muuguzi akaniambia maana yake ni kwamba sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma, yaani zaidi ya 33. Ya kawaida, kabla ya kula, haifiki 6.

Muuguzi huyohuyo ndiye aliyenifundisha mtungi. Mtungi wa udongo, mchanga wenye unyevu ndani yake, kikombe katikati, chupa kwenye kikombe, na mfuniko wa kitambaa kibichi. Unaweka pahali penye kivuli na upepo, na asubuhi na jioni unanyunyiza maji. Bibi yangu alikuwa akipoza maji ya kunywa hivyo hivyo. Ndiyo friji yangu hadi leo, na inafanya kazi mradi nisisahau maji.

Sasa rudini kwenye hesabu. Katika zile Sh4,634 zilizopunguza deni langu mwaka huu, Sh3,688 ni za Machi. Yaani karibu zote ni friji. Miezi mingine yote mimi nimelipa riba na faini. Friji ndiyo iliyolipa deni.

Na faili halikufika mbele ya Kamati. Niliuliza Mei, nikaambiwa kijana yule alihamishwa.

Dawa ya deni ni kulipa, Waheshimiwa. Dawa ya sukari je?

3. Wadhamini wangu wamekatwa, na pesa zao hazionekani.

Tangu Julai mmewakata wadhamini wangu wanne Sh3,160 kila mmoja, kila mwezi. Hakuna aliyeandikiwa kabla. Waligundua kwenye hati za mshahara. Sheria ya udhamini naijua, walitia sahihi na mna haki ya kuwafuata. Lakini nne mara Sh3,160 ni Sh12,640. Ni rejesho zima. Julai, Agosti, Septemba: Sh37,920. Kwenye taarifa ya akaunti yangu mliyonichapia tarehe 2 mwezi huu, Sh37,920 hizo hazipo. Zipo zangu tu za Sh3,600. Na faini ya Sh632 ipo, miezi yote mitatu, ingawa rejesho mlishalipokea zima na juu yake zangu.

Pesa hizo ziko wapi? Nauliza kwa upole, lakini nauliza.

Mmoja wa hao wanne ni shoga yangu tangu darasa la tatu. Mwezi uliopita tulikutana arusini Jomvu. Alinipakulia pilau kwa sababu zamu ya kupakua ilikuwa yake, akanipa sahani bila kunitazama, akahamia kwa aliyenifuata.

4. Ugonjwa wangu ulisomwa kwenye kaunta.

Barua ya daktari niliiambatanisha na ile ya Mei, ndani ya bahasha iliyofungwa, imeandikwa "kwa Kamati ya Mikopo". Nilipokuja wiki iliyofuata, msichana wa mapokezi alimwita mwenzake kutoka chumba cha nyuma, mbele ya foleni ya watu tisa au kumi: "Ni yule wa kisukari aliyekatwa kidole." Wote wakatazama miguu yangu.

Kisha wakala wenu wa kudai madeni akaanza kumpigia msimamizi wangu wa yadi. Kibarua kinatolewa na huyo msimamizi, asubuhi, langoni, kwa kunyoosha kidole. Baada ya simu ya pili nilikosa siku nne mfululizo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Na hata wale wakopeshaji wa simu, tuliokuwa tukiwalaani, wamekatazwa na kanuni za Benki Kuu za 2022 kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Sikutarajia chama cha wanachama kiwazidi wale kwa ukali.

5. Hamna mahali pa kumweka mgonjwa aliye hai.

Niliuliza kuhusu bima ya mkopo, ile ninayokatwa tangu siku ya kwanza. Nikajibiwa inalipa mwanachama akifariki au akipata ulemavu wa kudumu wa kutoweza kazi kabisa. Nikauliza kidole je. Yule bwana alicheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Mama, wewe bado unaweza kazi."

Ni kweli. Naweza siku tatu. Na hapo ndipo penye shida yote. Kwa mwanachama mzima mna utaratibu, na kwa maiti mna utaratibu mzuri zaidi: deni linafutwa, wadhamini wanapumua, familia inapewa na rambirambi. Nimekaa kitandani usiku nikapiga hesabu hiyo, sitawaficha, nikaona kwenye vitabu vyenu nina faida zaidi nikiwa kaburini. Lakini aliye hai, mgonjwa wa maradhi yasiyopona, anayefanya kazi nusu na kulipa nusu, fomu zenu hazina kisanduku chake. Na hao ni wengi. Kaeni mapokezi siku moja muwahesabu: wa presha, wa figo, wa seli mundu, wenye watoto wagonjwa. Kazi zetu za Mombasa nazo zimegeuka vibarua na mikataba ya miezi mitatu. Chama kilichoundwa kwa mtu mwenye afya na mshahara wa tarehe 28 kitabaki na wanachama wangapi?

Najua mtakayojibu, kwa sababu nimeyasikia vipande vipande kwenye kaunta.

Mtasema kiinua mgongo nilikila. Nililipwa Sh209,000, kwa awamu tatu, ya mwisho Desemba. Hesabu yake iko kwenye daftari: kwenu Sh50,560, hospitali Sh96,000, karo ya mwanangu Sh31,440, mikopo ya simu Sh31,000. Hiyo ya mwisho ndiyo aibu yangu, na naisema mwenyewe. Mwaka jana nilikopa kwenye simu mara tatu ili nisichelewe kwenu, nikawa nachimba shimo kufukia shimo. Nilipoamka, nikaanza na ile ya siku 30 kwa sababu ada yake ndiyo iliyokuwa inanitafuna haraka, halafu ya pili, halafu ya tatu. Zote zimekwisha tangu Machi. Mwenye duka jirani namdai huruma na yeye ananidai Sh1,900, zilikuwa Sh4,300. Sasa sikopi tena.

Mtasema nitumie akiba yangu. Ninayo kwenu Sh172,000. Lakini mnajua kanuni zenu: akiba haitoki nusu, hadi nijitoe uanachama, na sehemu yake imeshikilia mkopo wa mwenzangu niliyemdhamini. Nikitoka leo, namvuta naye. Basi na ninyi itazameni kwa upande wa pili. Salio langu ni Sh283,496. Toa akiba mnayoishikilia, kinachoning'inia hewani ni Sh111,496. Kwa kiasi hicho mmewakata watu wanne na kumpigia msimamizi wangu simu.

Mtasema pesa ni za wanachama. Naam. Na mimi ni nani?

Mtasema SASRA, mamlaka inayosimamia vyama kama chetu, haitaki. Nimeketi na kijana mmoja anayesomea uhasibu, tukazisoma kanuni za vyama vya kupokea akiba. Mkopo uliolala zaidi ya siku 360 mnatakiwa mtenge asilimia 100 ya salio lake, yaani muuhesabu kama umekwenda na maji. Anayewapeleka huko ni mdaiwa aliyekata tamaa. Anayeleta Sh3,600 kila mwezi kwa mpango mlioukubali wenyewe hawapeleki huko. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu iliwaruhusu mabenki kurefusha mikopo ya watu binafsi hadi mwaka mmoja, na hakuna benki iliyofunga milango kwa sababu hiyo. Ule ulikuwa ugonjwa wa wote ukaonekana. Wangu ni wa mtu mmoja mmoja, lakini ni ugonjwa.

Mtasema mkinifanyia mimi, kesho watapanga foleni. Waacheni wapange, na muwaombe barua ya daktari, barua ya kazi na daftari la matumizi kama langu. Wanaotaka kudanganya hawana subira ya kuandika bei ya nyanya kila siku kwa miezi kumi.

Ninachoomba, basi, ni hiki:

Kwanza, kuanzia Novemba 2025 mnisimamishie faini na riba kwa miezi 12. Nitaleta Sh3,600 kila mwezi, na zote ziingie kwenye deni lenyewe. Mwaka ukiisha salio litakuwa Sh240,296. Mwanangu atakuwa amemaliza chuo. Kutoka hapo nitalipa Sh5,000 kwa mwezi kwa riba yenu ya kawaida, na nimepiga hesabu, inaisha kwa miezi 66. Jumla miaka sita na nusu, na mtakuwa mmepokea zaidi ya Sh370,000. Si msamaha.

Pili, wadhamini wangu waachwe wakati mpango huo unatekelezwa, na zile Sh37,920 zirudishwe kwao, au ziandikwe kwenye akaunti yangu na wao wapewe barua ya kueleza. Na faini za Julai hadi Septemba zifutwe; hizo hazina hata hoja ya kuzitetea.

Tatu, barua ya daktari itolewe kwenye faili la kaunta, na wakala asipige tena simu yadi. Namba yangu anayo na huwa napokea.

Nne, na hili si langu peke yangu: mkutano mkuu ujao uletewe pendekezo la kanuni ya mwanachama mgonjwa wa muda mrefu au aliyepoteza kazi. Iseme lini faini inasimama, nani anaamua, na ndani ya siku ngapi anajibiwa. Niko tayari kusimama kulitetea, mkinipa dakika tano.

Mzee Mwenyekiti, neno moja kwako. Mkutano wa mwaka jana uliufungua kwa dua nzuri, nikaitikia amina kwa sauti. Unaijua kuliko mimi aya ya 280 ya Sura al-Baqara, inayosema mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda hadi apate wasaa. Sikuombi ile nusu ya pili ya aya, ya kusamehe kabisa. Nakuomba hii ya kwanza.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipofika, malalamiko nitayapeleka SASRA na kwenye Baraza linaloamua kesi za Vyama vya Ushirika, na lile la kaunta kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sitafurahi kufanya hivyo.

Mkitaka kuniona kabla ya hapo, Jumanne na Ijumaa huwa siendi yadi. Nitakuja saa tatu, baada ya sindano na chai. Naomba kiti tu. Mguu huu hauwezi foleni.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama, tangu 2014
Mikindani